Mkono Uliosimama Juu ya Injini

Kiminini yote inamjua Gathii, na asiyelijua jina lake analijua gari lake. Ni gari la rangi ya maziwa, la turbo, na kila Jumamosi ya msimu wa harusi huonekana barabarani likiwa limefungwa utepe mweupe kutoka taa moja hadi nyingine, likienda kwa madaha. Gathii hubeba maharusi. Hakuna chuo kinachofundisha kazi hiyo, na yeye mwenyewe hakuitafuta. Ilimkuta njiani, akaipenda, na sasa kichwa kimejaa mvi bado yumo.

Alizaliwa hapo hapo, katika shamba ambalo baba yake, mtu wa Murang'a, alilipata walowezi walipoondoka. Ujanani aliendesha trekta, kisha lori la mahindi, na alipochoka na vumbi la magunia akanunua gari hili kwa mtu wa Kitale. Mwaka huo ulikuwa wa mvua kubwa, na gari lililokodishwa kumleta kanisani binti wa jirani lilizama kwenye tope mpaka milangoni. Gathii alikuwa akipita, gambuti miguuni. Akamchukua yule binti, akamzungusha kwa njia za mashambani alizozijua tangu enzi za trekta, akamfikisha mlangoni pa kanisa gauni likiwa jeupe vile vile. Kesho yake mchungaji alimtaja kwenye matangazo, na tangu hapo simu yake haikunyamaza.

Ana taratibu zake, na usijaribu kumbadilisha. Redio hafungui. Shimo analiingia kwa upole, gurudumu moja moja, hata walio nyuma wapige honi mpaka wachoke. Na akifika kanisani, kabla ya mlango kufunguliwa, humgeukia kila bibi harusi na kumwambia maneno yale yale: "Shuka taratibu, mama. Hawawezi kuanza bila wewe." Wengi hucheka, na wakishacheka miguu huacha kutetemeka.

Kati ya maharusi wote, aliyekuwa akimngoja hasa alikuwa mmoja, binti yake Waruguru. Alipokuwa mdogo mtoto huyo alikuwa akijifunga pazia la mama yake kichwani, akajikalisha kiti cha nyuma gari likiwa limeegeshwa uani, na kumwamuru baba yake aendeshe. Gathii alikuwa anashika usukani na kuendesha gari lisilosogea. "Siku yako ikifika," alimwambia, "ni mimi, na ni hili gari." Maneno hayo aliyarudia mbele ya jamaa, mbele ya majirani, na hata mbele ya wakwe watarajiwa walipokuja kutoka Mabanga kuzungumza habari za kijana wao Kevin. Harusi ikapangwa Desemba, katika kanisa moja mjini Bungoma. Gathii akanunua utepe mpya mapema, akaufunga kwenye nailoni na kuuweka juu ya kabati.

Halafu ukaja mwezi wa nane na safari ya Matulo.

Bibi harusi wa Matulo alikuwa na mashangazi wengi, na kila shangazi alikuwa na wimbo wake. Msichana alikuwa ameshaketi ndani ya gari, lakini mashangazi walikuwa bado wanacheza mbele ya boneti, na injini ilikuwa inanguruma. Harufu ya oili iliyoungua ikaanza kuingia ndani. Msichana akakohoa, akafunika pua kwa shela. Shangazi mmoja mnene akachungulia dirishani.

"Dereva, hii halufu ni ya nini? Unataka msichana wetu aingie kanisani akinuka injini ya posho mill?"

Gathii aliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Akashuka, akafungua boneti. Kwenye kibomba kimoja kinachotoka katika tumbo la injini palikuwa na mpira mnene uliopasuka, na pale kwenye ufa palitoka mvuke mwepesi wenye mafuta. Mpira ule ulikuwa wa kazi gani hakujua. Alichojua ni kwamba harufu inatoka hapo na bibi harusi anakohoa. Na katika nchi hii ya mahindi, kitu kikivuja hakuna anayeumiza kichwa. Mtungi wa mafuta ya taa ukikosa kifuniko, ni gunzi. Chupa ya dawa ya kupe, ni gunzi. Gathii amekuwa akiziba vitu kwa gunzi tangu alipojua kutembea. Akaokota moja penye kuni za jikoni, akalichonga kwa kisu, akalizungushia kipande cha utepe mweupe likaze vizuri, akalisukuma ndani ya kibomba. Mpira akaurudisha juu yake, na ule ufa akaufunga kwa raba ya tyubu ya baiskeli ili pasionekane pabaya. Harufu ikaisha pale pale. Mashangazi wakampigia vigelegele hata yeye.

Kisha akasahau. Hapo ndipo watu humcheka mpaka leo, lakini ni nani anayekumbuka kila gunzi aliloziba nalo kitu?

Haukupita muda gari likaanza vituko. Oili ilidondoka chini ya injini, kwanza tone, baadaye kidimbwi. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kinajichomoa chenyewe na kusimama, na Gathii akikirudisha, akipanda mlima kimetoka tena. Halafu ukaja moshi wa bluu. Kwenye mwinuko wa Webuye gari lilifuka hata waliokuwa nyuma wakafunga vioo. Gathii akalipeleka kwa Kipkoech.

Kipkoech ana gereji yake Kitale, chini ya mabati matatu. Yeye na Gathii wanajuana tangu siku za lori. Alifungua, akaona turbo imeoga oili, akasema imekwisha. Wakaweka nyingine. Baada ya safari chache ile nayo ikaoga oili. Wakaweka ya tatu, na moshi ukarudi Jumapili, mbele ya kanisa, watu wakitoka ibadani. Gathii ni mtu mpole, lakini siku hiyo upole ulimwisha. Alimkuta Kipkoech kwenye stegi ya matatu ya Kiminini, akamwambia kwa sauti ya kusikika hadi kwenye maduka kwamba ni mwizi, kwamba anawauzia watu turbo za kuokota, kwamba harusi ya mtoto wake itaharibika kwa sababu yake. Kipkoech akageuka. Alipanda pikipiki yake akaenda zake.

Sasa ilikuwa wiki ya harusi. Mafundi wengine wawili walikuwa wamelitazama gari na wote wawili walitikisa kichwa: injini imekufa, tafuta nyingine. Gathii alikuwa akikaa uani akilitazama, chai inapoa mkononi.

"Baba Waruguru," mkewe Rosaline akamwambia, "si tukodishe tu? Huko Kitale magari iko mingi. Mtoto ataolewa na Kevin, haolewi na gari."

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi akiwa na pazia kwa kichwa."

"Bado ni ahadi."

Rosaline alimtazama mumewe, akaona kwamba mtu huyu hakuwa anazungumza habari za gari. Alikuwa anaondokewa na binti yake wa pekee, na kitu pekee alichojua kumfanyia siku hiyo ni kumwendesha polepole. Akaingia ndani, akampigia simu Kipkoech bila kumwambia mtu.

Kipkoech alifika asubuhi iliyofuata. Hakumpa Gathii mkono. "Nimekuja kwa sababu ya Waruguru," alisema, "na kwa sababu ya jina yangu. Washa gari."

Gathii akawasha, akashuka. Kipkoech akafungua boneti na kifuniko cha kutilia oili, akaweka kiganja juu ya tundu, akakaa hivyo akisikiliza, uso umekunjamana. Kisha akatoa mfukoni glavu ya daktari wa ng'ombe, ile nyembamba ya plastiki inayofika begani, ambayo daktari huvaa anapokuja kupandisha ng'ombe. Shemeji yake ndiye daktari mwenyewe. Akaivisha mdomo wa glavu kwenye tundu la oili, akaufunga kwa uzi, akarudi nyuma.

Mwanzo glavu ililala tu kwenye injini, imesinyaa. Halafu ikajikunjua. Kiwiko kikajaa, kikanyanyuka. Kiganja kikafuata, na vidole vikafunguka kimoja baada ya kingine, mpaka mkono mzima ukasimama wima katikati ya injini, mrefu, umeshiba, ukitikisika kwa kila mngurumo, mfano wa mtu aliyezama anayeomba kuvutwa.

Rosaline akasema, "Yesu wangu." Waruguru, aliyekuwa ametoka jikoni na unga mikononi, akasimama mlangoni. Gathii mwenyewe akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa ameendesha injini tangu ujana wake, za trekta, za lori, na hii, na hakuna hata moja iliyowahi kumnyooshea mkono.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Ni pumzi," Kipkoech akasema.

"Injini inapumua?"

"Si wewe unapumua? Nayo inapumua, bana."

Akamweleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo hasira ilivyompungua, kwa maana Kipkoech anapenda injini kuliko anavyopenda kununa. Kila moto unapowaka juu ya pistoni, alisema, kiasi kidogo hupenya pembeni na kushuka chini kwenye tumbo la oili. Hakuna injini isiyopenyeza, hata ikiwa mpya. Na ya turbo hupenyeza zaidi, kwa sababu turbo inashindilia hewa kwa nguvu. Basi waliounda injini waliipa pua mbili za kutolea ile hewa, valvu ndogo na kibomba chenye mpira, na hiyo hewa hairushwi nje, injini inaivuta tena ndani ikaungue. Pua zikiziba, hewa haina pa kwenda. Inasukuma oili itoke penye mwanya wowote, inachomoa kijiti, inaizuia turbo kumwaga oili yake chini. "Ndio maana turbo zote zimeoga," akasema. "Hazikuwa mbovu. Hakuna turbo ilikuwa mbovu, Gathii. Hata ile ya kwanza."

Gathii akainama kuitazama ile turbo.

"Sasa kuna mambo mawili," Kipkoech akaendelea. "Ama ringi za pistoni zimeisha, moto unapenya wote, na hapo hii gari haiendi Bungoma Jumamosi, hata ukilia. Ama ni pua."

Akaifungua valvu. Ilikuwa imejaa uchafu mweusi mzito, imeganda. Akaweka mpya aliyokuja nayo. Mkono ukalegea kidogo, ukainama kwenye kifundo, na kila mtu uani akavuta pumzi ya matumaini. Gathii alipoingia ndani akakanyaga mafuta, ukasimama tena wima, umekaza kuliko mwanzo.

Kipkoech akaubonyeza mpira wa kibomba kwa nje, akaona umefungwa vizuri. Akatoa kitambaa, akafuta kidole kimoja kimoja. "Basi ni ringi," akasema kwa upole. "Pole, rafiki yangu. Tafuta gari ingine."

Waruguru aligeuka haraka akaingia jikoni ili baba yake asimwone uso. Lakini Gathii alikuwa hamtazami. Alikuwa ameshuka, anautazama mpira mnene uliofungwa raba ya tyubu ya baiskeli, na kitu kilikuwa kinamjia kutoka mbali. Mashangazi. Wimbo. Shela juu ya pua. Pua mbili, Kipkoech alisema, valvu na kibomba chenye mpira.

Aliiacha injini ikinguruma, akachukua plaisi kwenye sanduku la Kipkoech bila kuomba, akakata raba, akauvuta mpira. Pale kwenye mdomo wa kibomba palikuwa na kitu kidogo cha rangi ya kahawia, kimezungushiwa kitambaa kilichokuwa cheupe zamani. Akakishika kwa ncha ya plaisi, akakitingisha mara moja tu.

Gunzi liliruka lenyewe. Likapiga boneti kwa ndani, likaanguka miguuni pake, na nyuma yake ikatoka pumzi ndefu ya moto, pfuuu, isiyokwisha, na mkono ule mrefu ukainama kutoka begani, ukainamisha kiwiko, ukainamisha vidole, ukalala juu ya injini taratibu kabisa.

Kuku walikuwa wanaparura karibu na tairi. Injini yenyewe ilikuwa imebadilika sauti, imetulia, na Gathii aliisikiliza. Tangu mwezi wa nane! Tangu mwezi wa nane kiumbe hiki kilikuwa kimezibwa pumzi, na bado kilipanda milima, kikabeba wasichana wa watu, kikasimama mlangoni pa makanisa na kungoja. Kilipumulia palipopatikana tu. Kililia oili na yeye akaenda kumtukana fundi. Alishangaa kwamba chuma kinaweza kuvumilia kiasi hicho. Alishangaa zaidi kwamba alikuwa amekalia pumzi hiyo maisha yake yote na hajawahi kuijua.

Kipkoech aliinama akaliokota gunzi. Akaligeuza, akaugusa utepe.

"Gathii," akasema. "Uliziba pua ya gari na gunzi."

"Bibi harusi alikuwa anakohoa."

"Na mimi ukaniita mwizi pale stegi."

Gathii akavua kofia. Si mtu wa kuvua kofia. Hata kwenye matanga huwa anaisogeza tu. "Nilikuita mwizi," akasema. "Hukuiba kitu, kosa lilikuwa langu. Nisamehe. Na Jumapili nitasema mbele ya watu, vile nilivyokutukana mbele ya watu."

Kipkoech alijaribu kuendelea kununa, akashindwa. Kicheko kilimtoka kupitia puani, kikamtikisa mabega, na Rosaline naye akashika kiuno akacheka mpaka machozi. Gathii hakucheka. Bado alikuwa ameshika kofia, anaitazama injini.

Siku mbili zilizofuata Kipkoech alizimalizia hapo uani. Aliweka mpira mpya, akabadilisha sili zilizochoka, akaosha turbo, akamwaga oili yote na kutia nyingine. Jumamosi asubuhi gari lilikuwa limefungwa utepe mpya, na ndani palinuka maua matupu.

Waruguru alitoka nyumbani akiwa na gauni lake. Wanawake wa kanisa walianza kuimba, Rosaline akawa anawahimiza waingie kwenye gari lao watangulie. Gathii alikuwa amevaa suti, lakini boneti ilikuwa wazi.

"Kuja kwanza," akamwambia binti yake. "Lete mkono."

"Baba, gauni!"

"Mkono tu."

Alifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma polepole, akaushika mkono wa Waruguru, akaulaza kiganja juu ya tundu. Msichana alitulia. Macho yakamfunguka.

"Inanivuta," akasema. "Baba, inanivuta kidogo."

"Ee."

"Kama haitaki niende."

Gathii alikuwa na mambo mengi aliyokusudia kusema asubuhi hiyo, ameyapanga kwa siku nyingi. Alitoa leso yake nyeupe ya mfukoni, akamfuta kiganja, akamfuta tena palipokuwa pameshatakata, akafunga boneti.

Kipkoech alipewa kiti cha mbele. Wengine walishangaa fundi kukaa hapo siku kama hiyo, lakini Gathii alisema hakuna majadiliano. Walishuka Kamukuywa, wakapita Misikhu, na kila penye mwinuko wazee hao wawili walinyamaza kabisa, wameinamisha kichwa upande mmoja, wakisikiliza. Kwenye kioo Gathii alitazama nyuma. Hakukuwa na moshi. Kulikuwa na barabara tu, na uso wa binti yake chini ya shela. Mlima wa Webuye gari liliupanda bila kulalamika, na Gathii alihisi machozi yakimjaa, akaendelea kuendesha, gurudumu moja moja penye mashimo.

Bungoma watu walikuwa wamejaa mpaka nje ya kanisa. Wakwe kutoka Mabanga walikuwa wamepanga mistari miwili, akina mama wanaruka, Kevin yuko ndani anangoja. Gathii aliegesha sawasawa mbele ya ngazi. Huu ndio wakati wa kugeuka nyuma na kusema maneno yake. Ameyasema kwa wasichana wa watu miaka na miaka bila kukosea hata silabi.

Hakugeuka. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani, na mgongo wake ulikuwa umekakamaa. Kipkoech alimtazama, akaangalia nje dirishani upande wake ili asimwone. Nje wimbo ulikuwa umeisha, watu wakaanza kuulizana kulikoni.

Waruguru alisogea mbele, akaweka kiganja juu ya bega la baba yake, kile kile cha asubuhi, na alipoinama sikioni mwake ilisikika bado harufu kidogo ya oili.

"Shuka taratibu, Baba," akamwambia. "Hawawezi kuanza bila wewe."

Gathii akatoa pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu Kiminini. Akazima injini, akashuka, akazunguka upande wa pili kumfungulia mlango.